Tulingoja Mfungo Uishe

Ilipotangazwa kwamba biashara ya kahawa imekuwa huria, Mbinga ilijaa wageni wenye mizani. Tulikuwa tumezoea chama cha ushirika peke yake, na foleni zake, na makarani wake wa kutufokea. Sasa wanunuzi walipishana barabarani wakitubembeleza. Mmoja wao, ambaye hatukumwona kwa macho mpaka mambo yalipoharibika, alikodi godauni la zamani nje kidogo ya mji, akafunga injini ya dizeli, mashine ya kukoboa na chekeche kubwa la bati, basi ikawa kiwanda. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka kwenye ndoa iliyonishinda, sina shamba langu, nina ulimi mkali uliokwisha wachosha hata kaka zangu. Nikaenda kuomba kibarua, nikapewa kuchambua.

Kuchambua ni kukaa kwenye mkeka na rundo la kahawa iliyokobolewa mbele yako, unatoa punje nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu, kutwa nzima. Sisi wanawake tulikaa safu moja. Wabebaji, wote wanaume, walipita nyuma yetu na magunia begani. Kando ya ukuta, usawa wa kifua cha mtu, mkanda wa turubai ulikimbia kutoka kwenye injini mpaka kwenye mashine, wazi kabisa, bila hata ubao wa kuuzuia. Na kila kitu kilifunikwa na vumbi la pumba. Tulikohoa kazini, tulikohoa kanisani, na nyumbani watoto walitutambua kwa kikohozi kabla hatujapiga hodi.

Meneja alikuwa Mnyasa wa Ngumbo, huko chini ziwani, kijana mpole aliyevaa shati lililopigwa pasi kila siku ya Mungu, katika lile vumbi. Mara tu alipofika alitukusanya mbele ya godauni akasimama juu ya kreti. “Ndugu zangu,” akasema, “ninyi ndio mnaofanya kazi hii, si mimi. Niambieni ni kitu gani kinawaumiza hapa, tukitengeneze pamoja.” Watu walitazama miguu yao. Mwishowe mbebaji mmoja akasema, “Hakuna tatizo, meneja. Tunashukuru.” Tukapiga makofi. Mimi nilipiga makofi huku nakohoa.

Msomaji asitucheke. Kibarua akiulizwa na bosi kama ana tatizo, anachosikia ni kama bado anaitaka kazi. Tena meneja alikuwa mtu mzuri, na hilo lilitutia wasiwasi zaidi, kwa sababu bosi mkali tulijua namna ya kuishi naye. Alirudia mara kadhaa, jibu likawa lilelile, makofi yakawa yaleyale. Nilimwonea huruma. Alikuwa akirudi ofisini mwake, kibanda cha mbao pembeni, ameinamisha kichwa kabisa.

Kilichotufungua midomo ni usipa. Meneja alikwenda kwao kwenye msiba, akarudi na kiroba cha usipa mkavu, vile visamaki vya ziwani ambavyo sisi watu wa milimani tunavipenda kupita kiasi. Akasema hawezi kula peke yake mzigo wote ule. Basi mchana tukasonga ugali kwenye sufuria la kuazima, tukaupakua kwenye masinia, tukakaa chini kwa mduara: wachambuaji, wabebaji, fundi wa mashine, na meneja na pasi yake. Kati yetu alikuwepo mama mmoja aliyetuzidi wote umri, tuliyemwita Mama tu, na ambaye hata meneja alimwamkia Shikamoo. Alimega tonge, akaligeuzageuza, akasema, “Hata hili lina pumba.”

Tukacheka. Mbebaji mmoja akasema afadhali wewe unayeila, mimi naivuta. Meneja, bila kuacha kutafuna, akauliza kwa nini hasa pumba nyingi inakuja upande wetu. Aliuliza kama mtu anavyouliza chumvi iko wapi. Ghafla kila mmoja akawa na lake: huyu anasema ni upepo wa mchana, yule anasema ni mdomo wa chekeche umeelekezwa vibaya, mwingine anasema mlango wa nyuma haufunguliwi kwa sababu kuna magunia yameuziba. Tuliondoka pale tumekwisha kubaliana, na hakuna aliyekumbuka kwamba tulikuwa tunazungumza na bosi.

Sisi Wamatengo tuna kikao kinachoitwa sengu. Chakula kutoka kila nyumba ya ukoo kinapelekwa kwa mzee, watu wanakula pamoja, na maneno ya ukoo yanazungumzwa hapohapo, mikono ikiwa kwenye chakula. Kwa babu yangu lilikuwa la wanaume. Sisi wasichana tulipeleka vyungu, tukakaa kando na masikio wazi. Nilijua sheria zake bila kuwahi kukaribishwa. Mmoja anakula polepole ili mwingine aseme. Hasira haipandi wakati wa kula. Na neno la mtu halizungumzwi kama mwenyewe hayupo kwenye sinia, maana huko ni kumsengenya. Kiwandani hakuna aliyetangaza kwamba tunafanya sengu, na nusu ya watu hawakuwa hata Wamatengo. Lakini tulikaa hivyo kwa sababu hatukujua namna nyingine ya kula pamoja, na safari hii wanawake nasi tulikuwa ndani ya mduara. Sijawahi kufurahia chakula namna ile tangu nizaliwe.

Tukawa tunakaa hivyo kila mchana. Usipa ulipokwisha tulileta maharage, viazi, mboga za maboga, kila mtu alichonacho. Chekeche likageuzwa, mdomo ukatazama mlango wa nyuma, na pumba ikamwagikia bondeni. Tulitundika magunia yaliyoloweshwa kati yetu na mashine. Wabebaji walikuwa wakirundika magunia wima mpaka karibu na dari, na mara moja rundo lilikuwa limemwangukia mwenzao likamtegua bega. Wenyewe walibishana siku nzima, wakaamua kulipanga kwa ngazi, pana chini na jembamba juu. Si kila wazo lilikuwa zuri. Mimi nilishauri tujifunge khanga puani, wote wakanisifu, mpaka Mama alipoinuka kuchukua maji na pindo la khanga yake likapepea kiganja kimoja tu kutoka kwenye mkanda. Kesho yake tulivua khanga zote, tukajifunga vitambaa vifupi, na kwa muda mrefu niliitwa Daktari wa Khanga.

Kikohozi kilipungua. Nilianza kulala.

Sasa niseme juu ya fundi, maana ndiye niliyeanza kuandika kwa ajili yake. Alikuwa mtu wa makamo, Mwislamu. Babu yake alitoka pwani kuja kufanya biashara, lakini yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa Mbinga na Kimatengo alikizungumza kwa matusi yake yote. Mashine ilikuwa mkononi mwake peke yake. Wakati wa chakula hakuizima injini, kwa sababu kuiwasha upya ilibidi wanaume wawili wazungushe hendeli kwa kupokezana mpaka jasho liwatoke. Aliipunguza moto tu, ikabaki inanguruma na mkanda ukizunguka taratibu, naye akakaa upande wa mduara ambako aliweza kuiona. Alikuwa mcheshi kuliko sote. Meneja alimwita Mzee wa Pwani, naye akamjibu kwamba pwani hajafika hata siku moja, bahari anayoijua ni ziwa la kina meneja, nalo linamtosha.

Mvua zilipoanza, mkanda ulianza kuteleza. Turubai likipata unyevu halishiki. Msimu ulikuwa unaelekea ukingoni, lakini kahawa ya vijiji vya mbali ilikuwa bado inaletwa kwa sababu malori yalikuwa yamekwama kwenye matope, na mnunuzi alitaka yote imalizwe. Fundi akaanza kuupaka mkanda nta ili ushike. Aliupaka ukiwa unakimbia. Alishika donge la nta mkononi, akaligandamiza kwenye mkanda karibu kabisa na puli, lile gurudumu linalouzungusha, huku amegeuza uso upande wa pili. Tuliona, roho zikatupaa. Mimi nilikuwa nafumba macho. Kila mmoja wetu alijua kwamba hili ndilo neno kubwa kuliko yote ya kiwanda kile, kubwa kuliko pumba na magunia, na kwamba siku yake ya kuzungumzwa imefika.

Ila mfungo wa Ramadhani ulikuwa umeanza.

Siku ya kwanza ya mfungo fundi alibaki kwenye injini yake sisi tulipokaa kula. Mbebaji mmoja, yule aliyeteguka bega, akasema, “Jamani, huu mkanda. Atakatika mkono yule mtu.” Watu wakaitikia. Mwingine akaanza kusema tungetengeneza uzio wa mianzi, mianzi imejaa Litembo huko. Mama akainua mkono wake wenye ugali.

“Mwenye mkanda yuko wapi?” akauliza.

“Yuko kwenye injini, Mama. Amefunga.”

“Basi tunasema neno la mtu hayupo?”

Meneja akasema pengine tumwite aje akae nasi hivyo hivyo, bila kula. Mama akamtazama kama mtoto aliyekosea mbele za wageni. “Umwite mtu aliyefunga, umweke mbele ya sinia, ukae unamtafunia usoni? Hilo kwenu Ngumbo linafanyika? Tungoje. Mfungo ukiisha atakuja mwenyewe, tutakula naye, tutazungumza.”

Hakuna aliyepinga. Ilikuwa kauli ya heshima, na sisi tulijiona watu wenye heshima. Mimi ambaye hupinga hata padri nilitikisa kichwa kukubali, nikaona Mama amesema vizuri. Tena tuliongeza la kwetu. Tukaona harufu ya chakula inamfikia mwenzetu pale alipo, si vizuri, tukahamisha mduara. Tukawa tunakula nyuma ya godauni, chini ya upenu, ukuta ukiwa kati yetu na yeye. Meneja alitusifu. Alisema kule alikosoma hajawahi kuona wafanyakazi wanaochukuliana namna ile, Wakristo na Waislamu. Tulifurahi kusifiwa.

Hata kumweleza kwa nini tumehama hatukumweleza. Tuliona jambo lenyewe linajieleza.

Siku ile ilinyesha tangu asubuhi. Tulikuwa chini ya upenu tumebanana, masinia yako katikati, Mama anasimulia jinsi marehemu mume wake alivyotoka kilabuni amelewa akaingia kulala nyumba ya jirani. Tulikuwa hatuna mbavu. Injini ikabadilika sauti, ikawa kama imebebeshwa mzigo, ikakoroma, halafu ikarudia mngurumo wake. Mtu mmoja akasema mkanda umeteleza tena. Mwingine akasema, “Fundi yupo.” Tukaendelea kula, na Mama akamalizia kisa chake.

Kelele hatukusikia. Huenda alipiga kelele, huenda hakuwa na pumzi ya kupigia. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Mbebaji mmoja aliingia ndani kutafuta maji ya kunawa, ndipo tukasikia kelele, na zilikuwa zake huyo mbebaji.

Nilichokiona sitakieleza. Mkono ulikuwa wa kulia. Fundi alikuwa amekaa chini ameegemea ukuta, kofia yake imeanguka, donge la nta liko karibu na mguu wake, na alitutazama na macho ya aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyetukosea. Akasema, “Samahani jamani, nimewaharibia chakula.”

Meneja alimfunga kwa lile shati lake la pasi, wakampakia kwenye pikapu ya kiwanda wakapanda naye kwenda Litembo hospitalini. Barabara ilikuwa matope matupu. Wabebaji walikwenda nyuma kusukuma kila iliponasa. Sisi wanawake tulibaki. Hakuna aliyejua kuzima injini, basi iliendelea kunguruma mpaka mafuta yalipoisha, na sisi tumekaa kwenye mikeka yetu tunaitazama. Mama hakulia. Alikaa amekunja mikono yake mapajani, akawa anasema mara kwa mara, “Tungemwita. Tungemwita tu.”

Mkono ulikatwa chini ya kiwiko. Idi ilimkuta wodini.

Mnunuzi mwenye kiwanda alikuja mwenyewe, mtu mnene mwenye haraka, akazunguka godauni akitikisa kichwa. Mkanda ukajengewa kizuizi cha chuma toka mwanzo hadi mwisho. Kilikuwa kizuizi kizuri, siwezi kukisema vibaya. Injini mpya ililetwa, ya kuwashwa bila hendeli. Lakini aliuliza pia wafanyakazi walikuwa wapi jambo lile lilipotokea, akaambiwa walikuwa nyuma wanakula na kuzungumza, pamoja na meneja. Akasema hapo ndipo penye ugonjwa. Kuanzia siku hiyo kila mtu akawa anakula mahali pake, kwa zamu. Meneja akarudishwa alikotoka. Akawekwa mtu mmoja wa kusimamia usalama, akapewa filimbi na koti jekundu. Alikuwa mtu mwaminifu. Kila asubuhi alituuliza kama kuna tatizo, nasi tukamjibu kwamba hakuna, tunashukuru.

Msimu uliofuata chekeche lilirudishwa mahali pake pa zamani ili lori lipite kwa urahisi. Pumba ikarudi. Tuliiona inarudi. Nilikuwa na ulimi wangu uleule, na wenzangu walikuwa walewale waliobishana juu ya ngazi za magunia mpaka jioni, na hakuna aliyefungua mdomo. Mpaka leo kifua changu hakijakaa sawa. Ninachojutia zaidi si kifua. Naijutia ile miezi michache tuliyokuwa watu, tukaiendesha vizuri kiasi kile, halafu ikatushinda kwa sababu ya kitu ambacho bado nashindwa kukiita kibaya. Nikikaa peke yangu naukasirikia upole wetu, kisha najiuliza ningependa tungekuwa watu wa namna gani basi.

Kabla ya msimu huo, fundi aliporudi nyumbani kwake, tulikwenda kumwona, Mama, mimi na wabebaji wawili. Mkewe alikuwa amepika pilau. Alisema Idi haikuliwa katika nyumba ile, basi italiwa leo, na wageni wametimia. Fundi alikuwa amekonda, amevaa kanzu, mkono mmoja wa kanzu umekunjwa ukabanwa kwa pini. Alitukaribisha kwa vicheko vyake vilevile. Tuliulizana hali za nyumbani, za mvua, za mashamba. Kisha akatuuliza, bila ukali wowote, “Hivi kwa nini mlihama?”

Mama akajibu, “Kwa heshima, baba. Ulikuwa umefunga. Tukaona tusikutese kwa harufu ya chakula.”

“Harufu?” Alicheka kabisa. “Mama yangu, mimi nimekulia sokoni. Tangu utotoni nafunga huku watu wanachoma nyama mbele ya pua yangu. Ningekaa tu. Ningewasikiliza, na langu ningelisema.”

“Lako lipi, fundi?” nikauliza, ingawa sikutaka kulijua.

“Nilitaka kuomba wanaume wawili wawe wanakaa jirani na hendeli. Mkanda ukiteleza nizime kabisa, nipake nta, waniwashie. Ni hilo tu, mwanangu. Lakini niliwaona mmehama, nasikia mnacheka huko nyuma, nikasema wacha wale kwa raha yao, nisiwainue kwenye chakula. Nitawaambia siku ya Idi.”

Wale wabebaji wawili ndio waliokuwa wakizungusha hendeli kila asubuhi. Mmoja alitoka nje. Mama alifunika uso kwa khanga, na safari hii alilia, kwa sauti, kama wanavyolia wanawake wa kwetu msibani. Fundi akawa anambembeleza, anamwambia Mungu ndiye aliyepanga, basi Mama, basi. Mimi sikubembelezeka. Sikuona kwamba Mungu alikuwa na haja ya kuingia katika jambo dogo kama lile.

Sinia likaletwa. Likawekwa katikati, maji yakapitishwa, tukanawa. Tukamngoja mwenye nyumba aanze, ndipo tukatambua. Mkono aliobakiwa nao ulikuwa wa kushoto, na kwetu sote, Mkristo kwa Mwislamu, huo si mkono wa kuutia kwenye sinia la watu. Mama akasema, “Kula tu, baba, sisi ni wa nyumbani.” Akatabasamu, akauficha ule mkono chini ya paja. “Kuleni ninyi. Mimi mama watoto atanilisha baadaye huko ndani.”

Kukataa chakula cha yule mwanamke hatukuweza. Tukala. Fundi alikaa pamoja nasi kwenye mduara, goti lake limegusana na langu, mbele ya pilau inayofuka moshi. Akauliza kama magunia bado yanapangwa kwa ngazi. Akauliza chekeche limeelekea wapi, na kifua changu kinaendeleaje, na akamweleza mbebaji aliyebaki namna ya kuilinda injini mpya na unyevu. Alizungumza tangu tonge la kwanza mpaka la mwisho, na hakuonja hata punje.